Bati za mita 3 au za kukatwa kwa kipimo: paa lipimwe vipi kabla hujalipa

Nyumba yangu ya Kwa Mrombo, Arusha, ina kuta za mita 12 kwa 9. Kabla sijanunua bati hata moja nilishakuwa na karatasi tatu mkononi, na hakuna mbili zilizofanana. Fundi wa kwanza aliandika bati 65 za mita 3. Wa pili hakushuka hata kwenye bodaboda. Aliangalia boma, akasema, "Dada, vyumba vitatu na sebule, andika 84." Karatasi ya tatu niliitoa kwa wauza bati wanaokata kwa kipimo. Niliwapelekea ramani, kijana akabofya kompyuta yake dakika chache, akanipa bati 36 za mita 5.45 kila moja.

Nilidhani kuna mtu ananipiga. Baadaye, nilipokaa chini na kalamu, nikaona kila mmoja alikuwa amepima kitu chake. Wa kwanza alipima ardhi, wa pili alipima mazoea yake, wa tatu alipima karatasi. Paa lenyewe halikuwa limepimwa na mtu, na kwa wakati ule lisingeweza kupimwa, maana kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa bado hazijapanda.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague bati za mita 3 au za kukatwa, namuuliza kwanza atapima lini na kwa njia gani. Maswali hayo mawili hayaachani.

Tuanze na 65. Fundi yule alichukua urefu na upana wa nyumba, akaongeza upenu wa futi 2 kila upande, yaani sentimita 60. Akapata mita 13.2 kwa 10.2, eneo la mita za mraba 134.6. Bati moja ya mita 3 inayofunika upana wa sentimita 76 inachukua mita za mraba 2.28. Akagawanya, ikaja 59, akaongeza kumi kwa mia ya tahadhari: 65. Hesabu safi kabisa ya kupaka sakafu rangi. Paa limeinama, kwa hiyo ni kubwa kuliko kivuli chake cha mchana, tena bati zikipangwa mbili kwenda juu, ya juu inailalia ya chini. Hayo mawili hayakuwemo.

Ile 84 nisiidharau sana. Fundi aliyeezeka nyumba thelathini ana hesabu kichwani ambayo mara nyingi inatosha, na anaogopa kuishiwa bati katikati ya kazi kuliko anavyoogopa zibaki, kwa sababu zikibaki ni hasara yako, zikipungua ni aibu yake. Nyumba alizozoea zina baraza mbele, kona mbili tatu na valei, ile mifereji ambapo pande mbili za paa zinakutana. Yangu ni mstatili mtupu.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyonivutia, kwa sababu ilikuwa imechapwa. Na kwa haki, yule kijana aliuhesabu mteremko. Ramani ilionyesha kingposti, ile mbao ya wima ya katikati ya kenchi, ya futi 5, na nusu ya upana wa nyumba ni mita 4.5. Futi 5 ni mita 1.52. Ukiingiza hizo kwenye ile kanuni ya Pythagoras tuliyokaririshwa kidato cha pili, ukaongeza upenu, unapata urefu wa mteremko mita 5.38 kutoka kileleni hadi ukingoni. Akaongeza sentimita 7 ili maji yaingie kwenye gata, akaandika 5.45. Hakukosea popote. Nikalipa.

Kenchi zilipopanda nilikuwa kazini. Nilirudi jioni nikaona paa limekaa vizuri, limenyanyuka kidogo kuliko nilivyolitegemea, nikafurahi. Bati zilipofika na ya kwanza ikawekwa, ilikoma sentimita 6 kabla ya kufika ukingo wa fishabodi, ule ubao unaofunga ukingo wa paa. Tukapima kingposti: futi 6. Nikamuuliza fundi imekuwaje.

"Dada, mbao ni ya futi 12. Ukiikata katikati unapata kingposti mbili. Ukitaka futi 5 unatupa futi 2 kwenye kila mbao. Nikaona nikuokolee pesa."

Na kweli aliokoa mbao. Kwa futi 6, ambazo ni mita 1.83, mteremko ulifika mita 5.51. Futi moja tu ya kingposti ilikula sentimita 12 na ushee za bati, mara bati 36, ambazo tayari zilishakatwa na hazirudishwi. Tulichofanya ni kuzishusha zote sentimita 10 ili ziingie kwenye gata kidogo, na kule juu likabaki pengo la sentimita 10 kila upande wa kilele, ambalo kofia, ile bati iliyokunjwa ya kufunika kilele, ililifunika kwa shida. Vuli ya kwanza upepo ulipogeuka maji yaliingia chini ya kofia, yakachora mstari wa kahawia kwenye dari ya sebule. Nikaenda kukunjisha kofia pana zaidi kwa mafundi wa bati, ndipo ikatulia.

Sasa weka bati za mita 3 kwenye kisa hichohicho. Bati mbili zikifuatana ni mita 6, na sentimita 4 hivi zinaingia kwenye gata. Kwa kingposti ya futi 5 zingelaliana sentimita 57, kwa futi 6 zingelaliana sentimita 45. Kote kuwili fundi angepigilia, angeshuka, angelipwa, na mimi nisingejua kama kuna kilichobadilika. Bati ya mita 3 inasamehe. Ya kukatwa haisamehi. Hapo ndipo ulinganisho wote unapoanzia, na bei inakuja baada ya hapo.

Msamaha huo, hata hivyo, unalipiwa. Nyumba yangu ina safu 18 za bati kila upande wa paa, kwa sababu mita 13.2 ukigawa kwa sentimita 76 inakuja 17.4, na bati haiuzwi vipande vya desimali. Kwa bati za mita 3 ningehitaji 36 kila upande, jumla 72, sawa na mita 216 za bati. Kwa bati za kukatwa mita 5.55, ambacho ndicho kipimo sahihi kilichotakiwa, ni 36 tu, mita 200 kasoro kidogo. Tofauti ni mita 16, kama asilimia 8. Zidisha na bei ya mita siku unayonunua, ndiyo gharama ya kusamehewa.

Asilimia hiyo haikai mahali pamoja. Bati za mita 3 zikilaliana sentimita 20 zinafika 5.80 kwa mbili na 8.60 kwa tatu. Mteremko wako ukiwa umekaribia namba hizo kwa chini, au ukiwa chini kidogo ya mita 3 kwa bati moja, bati za mita 3 hazipotezi karibu chochote na huna sababu ya kuhangaika na za kukatwa. Ukiwa mita 6 au 6.2, umeingia pabaya. Bati mbili hazifiki, ya tatu ni nyingi mno, na fundi ataanza kukata vipande vya nusu mita vya kuungia kule juu karibu na kofia. Paa linaonekana lina viraka kabla halijamaliza mwaka. Hapo nenda moja kwa moja kwenye za kukatwa, au rudi kwenye ramani upunguze upenu sentimita chache. Mtu anayejua namba hizo mapema anaweza kulipanga paa lilingane na bati, na hilo ni rahisi kuliko kuitafuta bati ilingane na paa.

Kuhusu mteremko, hauhitaji kikokotoo kila mara. Chukua urefu wa kingposti ugawe kwa umbali kutoka katikati ya nyumba hadi ukutani. Ikija robo, zidisha vipimo vya chini kwa 1.03. Ikija theluthi, 1.05. Sehemu mbili za tano, 1.08. Nusu, 1.12. Mapaa yale yaliyosimama kama ya kanisa, ambayo kingposti inalingana na nusu ya upana, ni 1.41, na hapo ndipo watu hushangaa bati zimekwisha na upande mmoja uko wazi. Angalia tu usichanganye vipimo. Mbao tunanunua kwa futi, bati kwa mita, msumari kwa inchi, na fundi mmoja anazisema zote tatu kwenye sentensi moja.

Suala la pili ni umbo la paa, na hapa wengi wanadanganyika. Utasikia kwamba paa la pande nne linakula eneo kubwa kuliko la pande mbili. Kama mteremko ni uleule pande zote na upenu ni uleule, eneo ni lilelile kabisa: mita za mraba 145 kwa nyumba yangu, iwe pande mbili au nne. Kinachoongezeka ni upotevu na kofia. Kwenye ile pembetatu ya ubavuni kila safu ni fupi kuliko jirani yake kwa sentimita 82, na kila moja inakatwa mshazari. Ukiagiza kila safu kwa upande wake mrefu, hesabu inapanda hadi mita 229. Kwa nyumba yangu ingekuwa hivi:

| | Pande mbili, bati za mita 3 | Pande mbili, za kukatwa | Pande nne, za kukatwa |
|---|---|---|---|
| Mita za bati | 216 | 200 | 229 |
| Kofia za mita 2 | 8 | 8 | 18 |
| Fishabodi, mita | 48 | 48 | 47 |
| Ukuta wa pembetatu | upo | upo | haupo |
| Ukikosea sentimita 10 | hakuna atakayejua | unalia | unalia kwa kila safu |

Kofia nimezihesabu zikilaliana sentimita 15. Kwa pande mbili, 7 zinafika mita 13.1, pungufu ya sentimita 10 tu, na ndipo fundi atakapokwambia "tutabana". Nunua ya nane. Ule ukuta wa pembetatu, unaoziba chini ya paa la pande mbili kwenye ncha zote mbili za nyumba, usiusahau unapolinganisha: kwa nyumba yangu ni mita za mraba 16 na nusu, kama tofali 150 pamoja na simenti, mchanga na jukwaa la kupandia. Aliyekwambia pande mbili ni rahisi huenda alihesabu bati peke yake.

Nyumba ya pili niliyoshughulikia ni ya wazazi, Kibosho, juu ya Moshi. Kule nilifanya kinyume cha kila nilichofanya Arusha, na bado naona nilikuwa sahihi.

Ni nyumba ya mita 9 kwa 7.5, pande nne, kingposti futi 6, kwa hiyo imesimama kuliko yangu. Kule mvua za masika hazina mchezo, na upande wa kusini wa mlima unapata mvua nyingi kuliko mjini Moshi, kwa hiyo baba hakutaka kusikia habari ya paa lililolala. Mteremko ulikuwa mita 4.84. Bati za kukatwa zingekuwa jumla mita 162. Bati za mita 3, kwa hesabu ya kuchora kila safu kwenye daftari na kupanga vipande, zilikuja 64, ambazo ni mita 192. Mita 30 zaidi! Kwa kalamu peke yake, za kukatwa zimeshinda.

Lakini gari linaishia barabarani. Kuanzia hapo ni njia ya kihamba, yaani shamba la ukoo, katikati ya migomba, unavuka mfongo, mfereji wa maji, kwa ubao, unakata kona mbili ambazo hata jeneza hupita kwa maneno. Bati ya karibu mita 5 kwenye njia ile ikishikwa na upepo inakunjika katikati, na bati iliyokunjika mstari hainyooki tena. Za mita 3 vijana wawili walibeba tano tano kichwani wakamaliza kabla ya chai ya saa nne. Pia mwenye duka mjini Moshi alikubali kwa mdomo kuzipokea zitakazobaki zikiwa hazijatobolewa. Za kukatwa hakuna anayezipokea, ni zako wewe na Mungu wako.

Tena kwenye paa la pande nne bati za mita 3 zina raha yake ukipata fundi mwenye akili. Tuliyempata, mzee wa huko huko, alikuwa na kipande cha chaki na hakuwa na haraka. Kila alipokata mshazari kwenye kona, kile kipande cha pembetatu kilichobaki hakukitupa. Alikizungusha, akakipeleka kuanza safu ya kwanza kabisa ya upande mwingine, kikakaa kama kimekatwa kwa ajili yake. Ukifikiria, ni lazima kikae: kila safu inazidi jirani yake kwa kiasi kilekile, kwa hiyo pembetatu zote ni pacha. Vipande vinane vya kuanzia safu hakuvinunua. Halafu kulikuwa na vipande vya mita 1.53 vilivyohitajika vinane. Bati moja inatoa kimoja, kinabaki kipande cha mita 1.47 kisichofaa. Mzee akakaa juu ya papi, zile mbao za kupigilia bati, akafikiri, akasema badala ya kulaliana sentimita 25 zitalaliana 22. Vipande vikawa vya mita moja na nusu, bati moja ikatoa viwili. Sentimita 3 zikaokoa bati 4. Tulitumia 60.

Hilo huwezi kulipata kwa bati za vigae, zile zenye ngazi ngazi za kuiga kigae cha udongo. Zina juu na chini. Ukikizungusha kipande, ngazi zinatazama juu na maji yanaingia ndani ya maungio. Isitoshe, urefu wake hauukati popote unapotaka, inabidi uangukie kwenye ngazi, la sivyo mistari ya safu mbili haikutani. Kwa hiyo paa la pande nne la vigae ni la kupimwa na kuagizwa kwa uangalifu kuliko yote, na upotevu wake uwekee nafasi mapema. Ni zuri, sikatai, lipo mtaani Njiro na linapendeza. Ila usimpe fundi anayekisia.

Paa la kuficha, lile la ukuta uliopanda kuzunguka nyumba, nalitaja kwa ufupi kwa sababu uamuzi wake ni mwepesi. Mteremko ni mdogo sana, maji yanakwenda polepole, na kila mahali bati zinapolaliana ni mahali pa kuvujia. Hapo ni bati ndefu za kukatwa, kipande kimoja kutoka juu hadi kwenye gata. Za mita 3 usifikirie.

Turudi kwenye kupima kwenyewe, kwa aliyeamua kukatisha. Subiri kenchi zipande, papi zipigwe na fishabodi ifungwe. Ndiyo, bati zitachelewa siku mbili tatu, na kama ni mwezi wa tatu utakuwa unaangalia mawingu ya Meru kwa wasiwasi. Vumilia. Panda na fundi, mmoja kileleni, mmoja ukingoni, na tepu ya chuma. Ya kitambaa inavutika, na upepo unaipiga tumbo. Pima mteremko mwanzoni, katikati na mwishoni, pande zote mbili, uandike kila namba. Usikubali "zote ni sawa". Kwangu upande wa mashariki ulipishana na wa magharibi kwa sentimita 3, kwa sababu ukuta mmoja ulishakuwa nje ya mstari tangu msingi.

Halafu pima mshazari. Kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Kwa upande wangu wa mita 13.2 kwa 5.51, kila mshazari ulitakiwa uwe mita 14.3. Zikipishana sentimita 2 hivi, fundi ataimeza njiani. Zikipishana 8, bati zitaanza vizuri upande mmoja na kuishia upande mwingine zikiwa zimechongoka kama meno ya msumeno, na ataanza kukata bati ambazo umelipia zikatwe kiwandani. Kasoro hiyo inarekebishwa kwenye papi, bati zikiwa bado hazijaagizwa.

Na anayeshika tepu awe mtu mnayeaminiana. Kule Kibosho kulabu ya tepu ilikuwa imelegea, kijana akawa anaanzia kwenye sentimita 10 badala ya sifuri, kama mafundi wengi wanavyofanya. Ni njia nzuri. Alikumbuka kutoa zile 10 mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu akapiga kelele namba kama ilivyo. Kwa bati za mita 3 tulicheka. Ingekuwa za kukatwa, nisingekuwa naandika kwa utulivu huu.

Upana nao una mtego wake. Usiulize bati ina upana gani, uliza inafunika upana gani. Tena usiulize tu: omba dukani wakulazie mbili zilizolaliana chini, upime kutoka ukingo wa ya kwanza hadi ukingo wa ya pili. Bati nyingi za migongo midogo, mgongo mmoja ni kama sentimita 7.6. Fundi mmoja atailaza mgongo mmoja juu ya mmoja, mwingine atataka mgongo na nusu, hasa upande unaopigwa na mvua. Nusu mgongo ni sentimita 3.8 zinazopotea kwa kila bati. Kwenye nyumba yangu, safu 18 zinakuwa 19 papo hapo, na bati mbili ndefu zimeongezeka bila paa kukua. Kwa hiyo kabla hujaagiza mwambie fundi aamue atalaza vipi, na asibadili mawazo akiwa juu. Migongo mipana inalaliana mgongo mmoja tu, haina mjadala huo.

Geji, ile namba ya unene wa bati, nayo iulizie kwa milimita. Namba ikipanda bati inapungua unene: geji 28 kwa kawaida ni kama 0.4, geji 30 kama 0.3. Inagusa vipimo vyako kwa njia moja, kwamba bati nyembamba inataka papi za karibu karibu. Mimi niliweka papi kila sentimita 90, safu 7 kila upande, jumla mita 185. Ukigawa kwa mbao za futi 12 ni 51, nikanunua 56 kwa ajili ya maungio, zikatosha. Misumari ilikuwa mitatu kwa kila bati kwenye kila papi, kama 760. Pima robo kilo dukani uihesabu, utajua ununue kilo ngapi.

Kama hujengi upya, unabadilisha tu bati zilizochakaa, kwa mfano zile nyumba za zamani za Majengo au Njoro pale Moshi, kuna njia ya mkato: hesabu bati zilizopo juu, safu na mistari. Paa lenyewe ndilo karatasi ya makadirio. Jihadhari na kitu kimoja. Bati nyingi za zamani ni za futi 10, ambayo ni mita 3 na sentimita 5. Ukiweka mbili za mita 3 mahali pa mbili za futi 10, unapungukiwa sentimita 10 kwa safu nzima. Kama mzee aliyeezeka alilaza sentimita 30, utaponea hapo. Kama alibana, hazitafika. Funua bati moja pembeni, pima walivyolaza, ndipo uende dukani.

Zilizobaki Kibosho zilikuwa 4, nzima, bila tundu. Mwenye duka alikuwa bado anakumbuka ahadi yake, lakini mama alishazipigia hesabu tangu siku zinapandishwa njia ya kihamba, na wiki iliyofuata mbuzi walikuwa na banda jipya. Kwa Mrombo hakikubaki kitu cha maana zaidi ya zile kofia nyembamba za kwanza. Nimezifunika juu ya ukuta wa choo cha nje, na mvua ikinyesha zinapiga kelele kuliko paa zima.